Bwana Afya na Mabwawa Mawili ya Mwisho

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa maji kabla hatujajua kuyaomba, akayafanya yatusafishe nje huku Yeye mwenyewe akitusafisha ndani. Namshukuru kwa umri alionijalia, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa majirani aliowaweka karibu nami bila mimi kuwachagua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Baada ya hayo, nataka kumweleza mmoja wa majirani hao. Hapa Shangani kila mtu alimwita Bwana Afya, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta Mtwara alipotumwa na serikali, na aliendelea kuitwa hivyo hata alipostaafu. Amekwisha kufariki. Watu wanaomkumbuka wamebaki na zile habari zake za kuchekesha tu, nami sizikatai, kwa kuwa ni za kweli. Ila mtu hamalizwi kwa kuchekwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa nyanda za juu kwenye baridi, na joto la pwani hakulizoea kamwe. Alivaa mabuti ya mpira jua likiwaka. Alipita mitaani akisalimia vizuri, akiuliza watoto hawajambo, kisha bila kupumua akauliza choo hakijambo. Mama lishe mmoja wa karibu na bandari, ambaye wapakiaji wa korosho walikula kwake, alikuwa akimwona kwa mbali anapiga kelele kwa wenzake, "Funikeni! Funikeni! Mabuti yanakuja!" Naye akifika hakukasirika. Alifunua sufuria moja moja, akanusa, akasema, "Mchuzi mzuri. Sasa nionyeshe unaponawia." Mama yule alisema mbele ya watu, "Huyu baba akialikwa harusi, ataulizia choo kabla hajamuulizia bwana harusi." Bwana Afya akamjibu, "Bwana harusi nitamwona tu. Choo ndicho mnachokificha."

Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na matundu. Mfuniko wa chemba ya majitaka ya nyumba yake mwenyewe ulipasuka, akauziba kwa kipande cha bati na jiwe, na bati lile likakaa pale miaka hadi likaota kutu. Mkewe alikuwa akiwapitisha wageni hapo kwa makusudi. "Karibuni, mtazame chemba ya Bwana Afya." Yeye anakohoa, anasema mafundi wa mji huu hawaaminiki. Aliwakataza watu kula matunda yasiyooshwa, nami nimemwona kwa macho yangu akiokota bibo chini ya mkorosho, akalifuta kwenye suruali na kulinyonya kama mtoto. Nilipomtazama alisema, "Hukuona kitu, Maalim."

Mimi nilikuwa nikisomesha madrasa, na Maalim ndilo jina aliloniita siku zote. Yeye alikuwa Mkristo, mwanakwaya, na sauti yake Mungu hakuijalia. Asubuhi nikitoka msikitini nilimsikia akiimba kule nyuma ya nyumba za watumishi, anapokagua mabwawa ya majitaka. Mwanzoni nilidhani ni mtu anaita ng'ombe. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Katika mwezi wetu wa kufunga hakunywa maji mbele yangu, wala hakuwahi kuniambia kwamba anafanya hivyo. Niligundua mwenyewe, baada ya miaka mingi.

Inafaa nieleze mabwawa yale, maana bila hayo mtu huyu haeleweki. Yalikuwa manne, yamefuatana kwenye mteremko unaoelekea mikokoni. Maji ya vyoo vya nyumba za watumishi, ya mabweni na ya wodi za karibu yaliingia bwawa la kwanza yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unakitupa. Yalikaa, yakapita la pili, yakakaa tena, yakapita la tatu na la nne, kisha yakatoka kwa mfereji hadi kwenye mkono wa bahari, pale ambapo wanawake huokota tondo na kombe, viumbe wa magamba, kwa kitoweo maji yanapokupwa. Hapakuwa na mashine wala umeme. Wengi waliyaona kama mashimo ya uvundo yaliyokalia ardhi nzuri.

Katika miaka ya tisini alipelekwa kozi Dar es Salaam, akarudi amebadilika. Alikuja kibarazani kwangu jioni hiyo hiyo, kahawa ikapoa mkononi mwake.

"Maalim, mwili wako una wajumbe," aliniambia. "Hawabebi mzigo, wanabeba amri tu. Mmoja anamwambia kijana aote ndevu. Mwingine anamwambia binti sasa unaweza kuwa mama. Ndizo homoni hizo. Wakimaliza kazi wanatoka na mkojo."

"Wakitoka si wamekufa?"

"Hapo ndipo penye taabu. Hawajafa. Wanatoka wamefungwa mikono, na vijidudu vya bwawa la kwanza vinawafungua. Wakifika majini wanaendelea kutoa amri kwa yeyote watakayemkuta. Ng'ambo wamekuta samaki dume wana mayai tumboni, kwenye mito inayopokea maji ya vyoo."

Niliona mwili ukinisisimka. Dini imetufundisha kwamba kila kilichoumbwa kimepewa kipimo chake, na hapa nilikuwa naelezwa kipimo kidogo kuliko punje ya chumvi katika kisima, nacho kinageuza kiumbe. Nilimtukuza Muumba. Kisha nikamuuliza zinatoka kwa akina nani.

"Kwa wote. Mjamzito anatoa kwa wingi. Wanaotumia vidonge vya uzazi wanatoa, na za vidonge zina nguvu zaidi. Ng'ombe anatoa. Hata wewe unatoa, tena na ya kike kidogo."

"Mimi? Na ndevu hizi?"

"Na ndevu hizo, Maalim."

Kahawa ilinimwagikia kanzu kwa kicheko. Yeye hakucheka sana. Aliendelea kunieleza kwamba dawa ya jambo lile ni kuyaweka maji yakae. Katika mabwawa ya mwisho, homoni zile nyingine hunasa kwenye tope, nyingine huliwa na vijidudu vinavyopenda hewa, nyingine jua huzivunja. Hazimaliziki zote, lakini nyingi huisha. Nchi zenye uwezo hupitisha maji kwenye makaa maalumu, yakakamata zilizobaki. "Sisi tuna jua," alisema, "na tuna nafasi ya kuyaacha maji yakae. Basi. Ndiyo maana nasema bwawa la kwanza na la pili yasipofuatwa na mengine, ni hatari. Yanawafungua wale wajumbe mikono, kisha yanawaachia njia."

Tangu hapo aliyapenda mabwawa mawili ya mwisho kama mtu anavyopenda shamba. Alifyeka majani kingoni kwa mkono wake. Alifukuza mbuzi.

Mkewe alikuwa muuguzi katika kliniki ya uzazi wa mpango. Yeye ndiye aliyegawa vidonge na kuchoma sindano zile zile ambazo mumewe alizisaka kwenye maji. Watu waliona ni kichekesho, nao wenyewe walitaniana. "Mimi naziingiza, yeye anazitoa," mkewe aliniambia, "tungekuwa na duka tungefilisika." Lakini sikuwahi kumsikia Bwana Afya akimlaumu. Alikuwa ameona wanawake wengi wakifa na uzazi kule vijijini, barabara ya Kitaya, mvua zikikata njia na gari halipiti. Alisema kidonge kile ni rehema.

Basi ikafika siku mji ulipokuwa umebana, na wakubwa wa eneo lile wakataka kufukia mabwawa mawili ya mwisho wagawe viwanja. Mkutano uliitishwa katika darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana msikivu aliyesoma vizuri, na nasema hili bila kumtia ubaya. Alikuwa amechota maji yanayotoka bwawa la pili, ameyatia kwenye bilauri, akayainua dirishani.

"Ndugu zangu, tumesomeshwa," alisema. "Maji mengi yakiingiwa na najisi yakabadilika, kisha badiliko likaondoka lenyewe, maji yamerudi tohara. Tutazame mambo matatu. Harufu: njooni mnuse, hakuna. Ladha: sitaonja, nisamehewe." Watu wakacheka. "Rangi: ukijani huu ni wa mwani, hata birika la msikiti linaota. Sasa mabwawa mengine mawili ni ya nini?"

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyeijua kanuni ile, tulilelewa nayo. Nikasimama nikasema kwamba kanuni ni sahihi, lakini imewekwa kwa ajili ya mtu anayetaka kutawadha, imweleze kama anaweza kusimama mbele ya Mola wake. Haikuwekwa kueleza samaki atapatwa na nini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Maalim anamtetea jirani yake," na kicheko kikanikalisha.

Bwana Afya akasimama. Alieleza habari ya wajumbe, vizuri kuliko alivyonieleza mimi. Sauti ikatoka pembeni, "Kama ni hizo homoni, si mkeo ndiye anayezigawa? Mwambie aache!"

"Mke wangu anawasaidia wake zenu wasife," alijibu. "Na mjamzito naye anazitoa. Nimwambie aache mimba? Sisemi mtu aache kitu. Nasema maji yakae."

Mwenyekiti akamuuliza kwa adabu, "Bwana Afya, hapa Mtwara umeona samaki gani aliyedhurika?"

Angeweza kudanganya. Mtu mmoja tu mle darasani angejua, naye ni mimi, kwa sababu alikuwa amewapasua samaki kibarazani kwangu, akawatazama kwa miwani, akakiri kwamba kwa macho matupu hawezi kujua kitu.

"Sijaona," alisema. "Sina maabara. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyetazama."

Mikono ikanyooshwa. Mabwawa yakapigiwa kura yafukiwe.

Tulipotoka alitukuta Bi Somoe, mwanamke anayeokota tondo katika mkono ule wa bahari tangu usichana wake. Akamshika Bwana Afya mkono. "Baba, mie nilinyoosha, nisikufiche. Mwanangu ameoa, hana pa kujenga."

"Najua, Bi Somoe."

"Sasa nisiende tena pwani?"

"Nenda. Lakini kaa mbali na mdomo wa mfereji. Nenda huko nje, maji yanakopita kwa nguvu."

"Huko nje tondo wachache."

"Najua," alisema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Malori ya kifusi yalikuja. Nyumba zikajengwa, nzuri tu, na watu wanaokaa humo ni watu wema ninaosali nao. Bwana Afya alistaafu. Watoto wa mtaani walimpa jina ambalo sitaliandika, linalohusu kinyesi, naye akawa anaitika kwa kuinua kofia. Asubuhi sikumsikia tena akiimba. Nilimuuliza, akasema sauti imezeeka. Nilimjibu haikuwahi kuwa kijana. Alitabasamu kwa ajili yangu tu.

Miaka ilipita, kisha akaanza kupata shida ya haja ndogo. Akapelekwa Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani ya tezi dume. Alirudi na vidonge. Siku chache baadaye mkewe alikuja kwangu bila hata mtandio begani, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona amevaa ovyo.

"Maalim, njoo useme na rafiki yako. Ana dawa, hanywi."

Nilimkuta amekaa mezani, pakiti iko mbele yake haijafunguliwa.

"Unajua hii ni nini?" aliniuliza. "Ni homoni ya kike. Ugonjwa wangu unalishwa na homoni ya kiume, kwa hiyo wananipa ya kike kuinyamazisha. Daktari alinieleza vizuri sana. Nilitaka kucheka, nikaona atadhani nimepata wazimu."

"Basi kunywa, ndugu yangu."

"Sehemu yake itatoka na mkojo. Choo changu kinaingia kwenye mabwawa yale, mawili yaliyobaki. Kutoka pale ni kwa Bi Somoe."

"Wewe ni mtu mmoja tu. Bahari ni kubwa."

"Kila mtu ni mtu mmoja tu, Maalim."

Nikamwambia mwili ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuiacha iharibike akiwa na uwezo wa kuitunza. Aliniangalia kwa heshima. "Na mwili wa Bi Somoe ni amana ya nani? Nilisema nini pale darasani, na nikasema nini kwa miaka yote? Leo nianze kumwaga mimi mwenyewe, kwa sababu sasa ni roho yangu?"

"Chimba shimo nyuma ya nyumba," nilisema.

"Shangani hapa? Ukichimba mchanga kidogo unakutana na maji ya chumvi. Shimo na bahari ni kitu kimoja."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akilia kimya kimya. Hatukumshinda siku ile, wala wiki zilizofuata. Alikuja mchungaji wake, nikaja tena mimi, tukamkalia kushoto na kulia, naye akatukaribisha chai. Vidonge vikakaa. Ugonjwa haukukaa. Mwisho ni mkewe aliyekata shauri. Alifungasha vyombo, akasimama mbele yake akasema, "Kama kinachokuzuia kuishi ni choo, mimi nahama choo." Wakaenda juu, Newala, ambako ardhi ni kavu na maji yako chini sana, wakapanga nyumba pembeni ya shamba la mikorosho. Siku walipofika alikunywa kidonge cha kwanza.

Alikuwa amechelewa. Ugonjwa ulishaingia kwenye mifupa. Kama asingechelewa ingekuwaje, sijui, na nimejizuia kuuliza, kwa kuwa elimu hiyo si yangu. Kuna waliosema alijiua kwa ukaidi. Mimi huwajibu kwamba aliona watu ambao sisi hatukuwaona, nao walikuwa majirani zetu.

Nilikwenda kumtazama mara moja, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkewe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda foleni ya maji, maana kule ndoo moja ni neema. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, amevaa koti zito kwenye jua. Alifurahi hadi machozi. Akanionyesha pipa alilolijaza makaa ya vifuu vya nazi na mchanga. Maji ya kuogea na mkojo vilipitia humo kwanza, kisha vikaingia kwenye shimo kati ya mikorosho. "Makaa yangu si kama yale ya wenzetu," alisema, "lakini hayakai bure. Na mkorosho haunielewi vibaya."

Tukaongea habari za Shangani. Aliwaulizia watu wote kwa majina, hata yule wa kicheko cha darasani. Kisha akasema, "Maalim, mama amechelewa, nami nanuka. Ungenisaidia kuoga?"

Nilimshika mkono tukaenda kwenye ua wa makuti. Alipolivua koti aligeuka ukutani. Kifua chake kilikuwa kimejaa, kama cha msichana anayevunja ungo.

"Usitazame."

"Nimekwisha kutazama," nilisema. "Ni mgongo wa rafiki yangu, na kifua cha rafiki yangu."

Nikachota maji kwa kata, nikammwagia taratibu. Nilipaka sabuni kwenye mgongo ambao ulikuwa mifupa tu. Yeye akawa anaongea akiwa amenipa kisogo.

"Mimi daktari alinikalisha akanieleza. Alisema kifua kitakua, utakuwa na joto, utalia ovyo, usiogope, ni dawa. Kwa hiyo kilipoanza nilijua." Akapumua. "Samaki hakuna wa kumweleza."

Nilisoma moyoni kile ninachokijua, nikaendelea kumsugua. Maji yalipokwisha, nilimfunga taulo, lakini hakukubali tutoke. Aliinama, mkono mmoja umeshika bega langu, akatazama maji ya povu yakitambaa kwenye mfereji wake mdogo, yakiingia kwenye pipa, yakachelewa humo muda mrefu, kisha yakaanza kutoka upande wa pili tone kwa tone kwenye udongo mwekundu. Jua lilituchoma. Alisimama pale mpaka tone la mwisho likanywewa. Hapo ndipo aliponiambia nimvishe koti.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya katika mwili wako na haya mbele ya jirani usiyemwona. Akujalie maji safi ya kunywa, na moyo wa kumkumbuka yule atakayeyapata baada yako. Siku utakapodhoofika, akuletee mkono mpole wa kukuosha. Amin.